Fahamu: Introni zinazojikata ndani ya jani la tumbaku
Introni ni kipande cha RNA kinachoondolewa kabla ujumbe wa jeni haujatumika. Baadhi hujikata zenyewe, kama Thomas Cech na wenzake walivyoonyesha mwaka 1982 kwa Tetrahymena, kiumbe cha seli moja.

Tumbaku ya mvuke ya Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, inazo jamaa za introni hizo katika kloroplasti, zile chembe zinazolipa jani ukijani. Karibu zote ni za kundi la pili: RNA hujikunja kuwa sehemu sita, kisha adenosini (moja ya herufi za RNA) iliyochomoza kwenye sehemu ya sita hushambulia mwanzo wa introni na kuifunga kitanzi, na eksoni mbili, yaani vipande vinavyobaki pande zake, zikaunganishwa. Ndani ya mmea huhitaji msaada wa protini. Ya kundi la kwanza, inayoanzishwa na guanosini kutoka nje, ni moja tu.