Utangulizi: Mimea Mikavu na Njia za Misafara

Anayeingia katika historia ya ukusanyaji wa mimea hupewa kwanza karatasi moja nene. Juu yake pamebandikwa tawi lililokauka. Majani yamekuwa na rangi ya tumbaku, ua limebanwa likawa bapa, na chini pembeni kuna lebo yenye jina la Kilatini, mahali, tarehe, namba na jina la mkusanyaji. Karatasi za namna hii zimehifadhiwa kwa mamilioni katika hebaria za Meise karibu na Brussels, Kew jijini London, na Berlin. Mwanafunzi wa Kamina anayetaka kujua miombo inayomzunguka ilionekanaje machoni pa wageni wa kwanza hana budi kupitia huko. Siku hizi picha za karatasi nyingi zimo kwenye intaneti, kwa hiyo safari si ngumu kama ilivyokuwa kwa walimu wetu. Karibu.

Swali ninalopenda tuanze nalo ni rahisi: kwa nini mmea huu ulichumwa hapa, na wa kule ukaachwa? Wengi hukimbilia udongo na mvua. Mimi nakushauri uulize kwanza njia ilipita wapi.

Mchukue Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza. Aliondoka Bagamoyo mwaka 1873, na Oktoba 1874 akafika Kilemba, makao ya Kasongo Kalombo, mtawala wa Waluba, katika nchi ambayo leo ni Haut-Lomami. Hakuja kwa njia aliyoigundua mwenyewe. Kilemba alimkuta Juma Merikani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, aliyempokea vizuri. Na msafara wake ulikuwa chini ya Sidi Mubarak Bombay, Myao ambaye tayari alikuwa amezunguka na wavumbuzi Speke na Stanley. Kiswahili ndicho kilichouendesha msafara huo. Cameron alikaa Kilemba miezi kadhaa akimngoja Kasongo arudi, kisha akimngoja Alvez, mfanyabiashara wa watumwa kutoka upande wa Angola, aondoke ili wafuatane. Alifika pwani ya Atlantiki Novemba 1875. Mimea yake ilipochapishwa na Daniel Oliver wa Kew, orodha ilihusu eneo la Ziwa Tanganyika. Miezi yote ile ya Kilemba ilikuwa ya kuwangoja wakubwa hao, na mambo kama hayo lebo haisemi.

Tukumbuke pia kazi yenyewe. Mmea hubanwa katikati ya karatasi, na karatasi hizo hubadilishwa kila mara mpaka maji yaishe, la sivyo ukungu hula kila kitu. Katanga mvua huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Machi au Aprili. Mimea mingi midogo hutoa maua wakati huohuo, yaani mkusanyaji anapata maua mengi katika majira ambayo karatasi hazikauki. Basi ni kuanika juu ya moto jioni, kuilinda mimea dhidi ya mchwa usiku, na asubuhi kumtwika mpagazi mzigo wa kilo 30 hivi. Katika hali hiyo mmea mdogo wa kando ya njia una bahati kuliko mti mrefu, ambao utatoa kitawi tu, kama kuna mtu aliyekubali kuupanda. Hatari haikuishia barabarani: Paul Pogge, Mjerumani aliyefika Musumba, mji mkuu wa Walunda, mwaka 1875, alipeleka mimea yake Berlin, na sehemu kubwa ya hebaria ya huko iliteketea kwa mabomu Machi 1943.

Baada ya 1885 mambo yanabadilika. Mkusanyaji sasa ni mtumishi wa Dola Huru la Kongo. Luteni Edgard Verdick alikusanya akiwa mkuu wa kituo Katanga, na mtaalamu wa mimea Émile De Wildeman akazitumia sampuli zake katika utafiti wa mimea ya Katanga uliotoka Brussels 1902 na 1903. Mwaka 1904 De Wildeman huyohuyo alichapisha, pamoja na Louis Gentil, kitabu juu ya mitambaazi ya mpira, mpira uleule uliowagharimu watu wetu mikono na maisha. Sisemi kila jani lilichumwa kwa nia mbaya. Ila huwezi kuisoma botania ya miaka hiyo ukaiweka kando hesabu ya kituo kilichoilisha.

Na jina la aliyeujua mmea? Masuku yanayouzwa makopo kwa makopo barabarani huitwa na wanasayansi Uapaca kirkiana, kwa heshima ya John Kirk, daktari wa msafara wa Livingstone huko Zambezi. Waliomwonyesha mkusanyaji matunda yapi huliwa, na kirangozi wa msafara aliyejua mahali pa kuyapata, hawamo. Lakini usikate tamaa mapema. Baadhi ya lebo zina jina la kienyeji, na hapo ujue mkusanyaji alisimama, akauliza, akajibiwa. Lilinganishe na shajara za safari, kisha uwaulize wazee wanaolitumia mpaka leo.

Faida yake si ya makumbusho tu. Chukua mukula, Pterocarpus tinctorius, mti ambao mtaalamu wa mimea Welwitsch aliueleza mwaka 1859 kutokana na safari zake Angola. Katika miaka ya karibuni umekatwa sana Katanga kwa soko la China. Anayetaka kujua uliota wapi zamani atafungua ramani ya sampuli, na ataziona nukta zimejipanga kando ya njia za misafara, vituo, na baadaye reli. Mahali pasipo na nukta asiandike haraka kwamba mukula haukuwapo. Aangalie kwanza kama kuna mkusanyaji yeyote aliyewahi kupita.