Mwiba, Kijiko na Beseni la Maji

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe uliyeshika kijiko usikirudishe jikoni. Tutakihitaji.

Palikuwa na binti wa darasa la tano aliyerudi kutoka shule kwa kiti chake cha magurudumu, gurudumu la kulia likimlemea tangu njia panda. Alipofika kwao, penye mteremko mdogo mbele ya mlango, akafunga breki kama siku zote. Kiti hakikusimama. Kikateremka taratibu mpaka kwenye banda la kuku.

Breki imekatika? La. Breki ya kiti kama kile ni kipande cha chuma kinachokandamiza tairi lenyewe. Tairi likikosa hewa linanywea, na chuma hakina cha kukandamiza. Halafu, mwenye baiskeli akipata pancha hushuka akaikokota. Mwenye kiti atashukia wapi?

Kaka yake akaja mbio, akataka kukipindua kiti papo hapo. "Ngoja kwanza kaka, nihamie mkekani," binti akasema. Kiti ni chake, hakuna anayekigusa kabla hajasema. Akiwa mkekani akaagiza: pampu, beseni la maji, msasa, gundi ya tyubu na viraka, koleo, kitambaa chakavu, na vijiko viwili vya chuma vyenye mipini ya mviringo. Kaka akaongeza bisibisi. Akaambiwa airudishe, kwa kuwa ncha yake huuma tyubu: unaziba tundu moja, unaacha mawili.

Kiti chake kina kitufe katikati ya gurudumu. Ukikibonyeza, gurudumu lote linachomoka. Viti vingine vina nati, navyo vinataka spana.

Akatoa hewa iliyobaki, akaanza kubandua tairi kwa upande wa ndani, maana upande wa nje una ile pete ya kusukumia na mikono haipati nafasi. Hapa pana ujanja, sikilizeni vizuri. Rimu imeinuka kingoni, katikati ina bonde. Ukisukuma ukingo wa tairi kwa vidole gumba uingie bondeni, kuzunguka gurudumu zima, tairi linalegea. Mpini wa kijiko unapenya bila ugomvi. Wanaotumia nguvu nyingi mara nyingi hawajui habari za bonde hilo.

Tyubu ikatolewa, ikatiwa hewa kidogo, ikazamishwa kwenye beseni kipande kwa kipande. Mara vipovu! Akatia alama kwa kalamu, akaikausha, akapiga msasa, akapaka gundi kidogo. Kaka tayari ameshika kiraka. Subiri bwana! Gundi hiyo haibandikwi ingali inang'aa, huachwa kwanza dakika chache ifubae.

Tukiisubiri, niwaambie jambo. Mwaka 1887 huko Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alifunga mpira wenye hewa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo. Mwaka uliofuata akasajili uvumbuzi wake. Kumbe Robert Thomson alikuwa amemtangulia kwa miaka zaidi ya 40, ila watu walishamsahau! Haya, gundi imefubaa. Kiraka kibandikwe, kikandamizwe barabara.

Wengi wakifika hapo hurudisha tyubu, na kesho pancha ni ileile. Mwiba je? Binti akapitisha kitambaa ndani ya tairi, si kidole kitupu. Kikanasa. Ilikuwa ncha ya mwiba wa mgunga, fupi kuliko punje ya mchele, na kwa nje haionekani kabisa. Akaing'oa kwa koleo. Kama tundu lingekuwa upande wa tyubu unaotazama rimu, angekagua mkanda unaofunika vichwa vya spoku.

Tyubu ikarudi na hewa kidogo ili isijisokote, valvu ikitangulia tunduni. Tairi likasukumwa kwa vidole gumba, bila kijiko. Akapampu nusu, akaangalia pande zote kama tyubu haikubanwa, ndipo akajaza mpaka kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Gurudumu likachomekwa, likavutwa kwa nguvu kuhakikisha limeshika. Breki ikajaribiwa, na mara hii kiti kikatulia.

Na siku tairi litakapochakaa? Msimwambie muuzaji "inchi 24" mkanyamaza. Viti vingi huandikwa 37-540: upana milimita 37, na kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa milimita 540. Tairi la baiskeli ya milimani la inchi 24 ni la rimu ya milimita 507. Inchi zinafanana, lakini halitaingia hata ukilipigia magoti. Nakilini namba za ubavuni kabla ya kwenda dukani.

Kama nyumbani kwenu kuna kiti cha magurudumu, mwombeni mwenyewe ruhusa, mbonyeze matairi yote mawili kwa kidole gumba leo jioni. Likibonyea, leteni pampu.