Pampu ya Samaki: Pimeni Kabla ya Kununua

Vikundi kadhaa vinavyofuga samaki vimetuuliza, "Tununue pampu gani ya kuzungusha maji?" Swali hili tunalichukulia kwa uzito. Tunakijua kikundi kimoja kilichotoa akiba ya mwaka mzima kununua pampu, na bado asubuhi moja wakakuta tilapia wao wanaelea. Pampu haikuwa mbovu. Ilikuwa ya jua, nao samaki walikufa usiku.

Hebu tueleze. Maji ya bwawa yakiwa ya kijani, ule ukijani ni mimea midogo sana. Mchana mimea hiyo ikipata jua hutoa oksijeni ndani ya maji, na samaki hupumua vizuri. Jua likitua, kazi hiyo husimama. Sasa samaki, mimea yenyewe na uchafu unaooza chini vyote vinagombania oksijeni iliyobaki. Ndiyo maana saa mbaya ni alfajiri. Mkiwaona samaki wamejaa juu wakifungua midomo, si njaa hiyo! Msiwape chakula, wanatafuta hewa. (Wenye kambare hawasumbuki sana, maana kambare anaweza kupumua hewa ya juu.) Basi pampu ya jua isiyo na betri hufanya kazi mchana, halafu hulala wakati wa shida.

Jambo lingine ni ukubwa. Bwawa la mita 300 za mraba, kama yale ya mpango wa serikali ulioanza 2009, likiwa na kina cha mita moja lina lita 300,000. Pampu ya lita 10,000 kwa saa itachukua saa 30 kuyazungusha maji hayo mara moja tu. Hapo mmetupa pesa. Kwa bwawa kama hilo ni afadhali kupunguza samaki, kupunguza chakula na mbolea, na kuingiza maji mapya. Pampu ndogo ni ya tangi, pale samaki wengi wanapokaa pamoja. Tangi la lita 3,000 lataka maji yake yazunguke karibu mara moja kila saa.

Lakini muangalie sana maandishi ya katoni. Ikisema "lita 3,000, mita 3", msidhani itapandisha lita 3,000 hadi mita 3. La! Hizo lita 3,000 ni pale maji hayapandi hata kidogo, na kwenye mita 3 halitoki hata tone. Kila mnapoinua paipu, maji hupungua. Paipu nyembamba na kona nyingi huyapunguza pia. Kwa hivyo nunueni inayozidi hitaji lenu, tumieni paipu pana, na maji yaanguke kutoka kama futi moja tu juu ya tangi, yakitapakaa ili yachukue hewa.

Mwambieni mwenye duka aijaribu mbele yenu, paipu ikiwa kwenye kimo chenu. Shikeni ndoo ya lita 20 na saa ya mkono, mhesabu sekunde mpaka ijae. Gawanyeni 72,000 kwa sekunde hizo, mtapata lita kwa saa. Ikijaa kwa sekunde 24, ni lita 3,000. Ikichukua 48, ni 1,500, hata katoni iseme nini.

Halafu stima. Pampu ya wati 100 ikiwaka usiku na mchana hula yuniti 72 kwa siku 30. Zidisheni kwa bei ya yuniti mnayolipa, mweke hesabu hiyo mbele ya wanachama kabla ya kutoa pesa benki. Mdomo wa pampu ufungwe wavu, la sivyo utavuta samaki wadogo. Na mtu asitie mkono majini kabla ya kuchomoa plagi.

Stima ikipotea, samaki waliosongamana kwenye tangi wanaweza kufa hata kabla ya saa moja kuisha. Pangeni zamu ya watu wanaolala karibu, kila mmoja na ndoo yake, wateke maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu mpaka stima irudi.