Nenosiri Refu Haliilindi BMC

Swali ni lile lile, na wanaouliza ni watu waliokabidhiwa seva za wenzao: "Nimeweka nenosiri gumu. Kuna ubaya gani nikiacha ipmitool ifike kwenye BMC kupitia intaneti, nisilazimike kukimbilia kituo cha data usiku wa manane?" Ubaya upo, na nenosiri lako haliuondoi.

BMC ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva, ya kuisimamia kwa mbali. Anayeishika ameishika seva nzima: anaizima, anaiwasha kwa diski yake mwenyewe, anafuta kila kitu. Kufunga upya mfumo endeshi hakumtoi, maana BMC inajitegemea.

Sasa tazama kinachotokea unapoandika `ipmitool -I lanplus -H 10.0.0.5 -U ADMIN chassis power status`. Kabla hujathibitisha wewe ni nani, BMC inakurudishia heshi iliyotengenezwa kwa nenosiri la ADMIN, ikichanganywa na namba ambazo zote zimepita wazi kwenye mtandao. BMC ndiyo inayotangulia kutoa! Anayeomba hatakiwi kulijua nenosiri, anatakiwa kulijua jina la mtumiaji tu, na mara nyingi majina yenyewe ni ADMIN au root. Anaondoka na heshi yake, anaipeleka kwenye mashine yenye kadi za michoro, na anakisia mpaka apate. Majaribio hayo hayafanyiki kwenye seva yako, kwa hiyo hakuna akaunti itakayofungwa.

Msiniambie mtasasisha programu ya BMC. Kasoro hii imo ndani ya kiwango chenyewe ambacho ipmitool na BMC huwasiliana kwacho, IPMI 2.0, kilichotoka 2004. Ilitangazwa 2013 kwa namba CVE-2013-4786, na BMC inayofuata kiwango hicho sawasawa itaendelea kuitoa heshi hiyo. Tena, ili iweze kuitengeneza, BMC inalazimika kulihifadhi nenosiri katika hali inayosomeka. Mkitumia nenosiri moja kwa seva arobaini, aliyeingia moja ameingia zote.

Nakubali kwamba herufi 20 za kubahatisha kwelikweli, ambazo ndizo kikomo cha IPMI 2.0, hazikisiki. Lakini zipo BMC zinazokubali cipher 0, yaani kuingia bila uthibitishaji, na hapo nenosiri lolote linapita. Mwaka 2017 ilibainika kwamba iLO 4, BMC ya seva za HPE, ilifunguka kwa kutumiwa herufi A 29 mfululizo katika ombi la wavuti. Hapo nenosiri halikuulizwa kabisa. Liwe refu kiasi gani, lingesaidia nini?

Wengine hujitetea kwamba tundu la IPMI halina waya. Bodi nyingi za Supermicro hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa hivi: tundu hilo likikosa waya, BMC inahamia tundu la kwanza la mtandao wa kawaida, lile lenye anwani yako ya umma. Kutochomeka waya ndiko kulikoitoa nje.

Basi fanyeni hivi. UDP 623 ifungwe kwenye ngome ya mtandao leo, pamoja na ukurasa wa wavuti wa BMC. BMC zote ziwe kwenye VLAN yake, zifikiwe kwa VPN tu. Kwenye seva yenyewe endesha `ipmitool lan print 1` uione anwani ambayo BMC inatumia, kisha `ipmitool user list 1`, na uondoe majina usiyoyatambua. Jaribu `-C 0` na nenosiri la uongo. Ukijibiwa, zima cipher hiyo. Kila seva iwe na nenosiri lake. Acha kutumia `-P`, kwa sababu nenosiri linabaki kwenye historia ya amri. Tumia `-f` na faili linalosomwa na wewe peke yako. Kama usimamizi wako unafanyika kwa kiwango kingine, Redfish, zima IPMI ya mtandao kabisa: ipmitool itaendelea kufanya kazi ukiwa ndani ya seva, na `sel list` itakuonyesha kumbukumbu za vifaa kama kawaida.