Kinanda cha mabomba na mlango wa kanisa

Katika katedrali nyingi za Ulaya, siku fulani watu wanakusanyika kanisani pasipo Misa wala Vespero. Wanakaa kimya, na mpiga kinanda anawapigia muziki mtakatifu. Jambo hilo huitwa konseri. Korali zetu zikiomba kufanya vile, huko Bukavu ao huku Mumosho, paroko atajibu nini?

Kwanza tujue chombo chenyewe. Kinanda cha mabomba hakilii kwa umeme, kinalia kwa upepo. Mivukuto inajaza upepo ndani ya sanduku. Mpigaji akibonyeza kwa kidole ao kwa mguu, njia ya bomba inafunguka, upepo unapita, bomba linalia. Kila bomba lina sauti yake moja tu: refu linalia nzito, fupi linalia nyembamba. Ndiyo sababu kinanda kikubwa kina maelfu ya mabomba.

Wengi husema ni chombo cha Wazungu. Sivyo. Fundi wa kwanza anayejulikana kukitengeneza ni Ktesibios wa Alexandria, katika Misri, karne ya 3 mbele ya Kristu. Kwa hiyo kilizaliwa Afrika. Nao Waroma walikipiga kwenye michezo yao ya kipagani, karne nyingi mbele ya kuingia kanisani. Tuone basi: chombo hakizaliwi kitakatifu, kinatakaswa na kazi tunayokipa. Mtaguso wa Vatikano II, tarehe 4 Desemba 1963, ulikipa kinanda hiki heshima kubwa, lakini uliruhusu pia vyombo vingine vinavyofaa ibada, kwa kibali cha wakubwa wa Eklezia. Ngoma na likembe hazikufungiwa mlango.

Juu ya konseri, Roma ilitoa barua tarehe 5 Novemba 1987. Maagizo yake ni haya: muziki uwe mtakatifu ao wa dini, ombi liandikwe kwa Askofu, pamoja na siku, saa na majina ya nyimbo, waimbaji wasikae mahali pa altare, Sakramenti Takatifu, ikiwezekana, iwekwe katika kapela ya pembeni, watu waelezwe maana ya nyimbo, ili wasikilize kwa roho. Tena, kuingia kuwe bure, kwa watu wote.

Agizo hilo la mwisho ndilo linalotusumbua. Korali ina shida: inatafuta feza za kununua kinanda, nayo inataka kuuza tikiti. Shida hiyo ni ya kweli, tusiidharau. Lakini tufikiri: mama anayetoka shambani, asiye na franka mfukoni, azuiliwe mlangoni pa nyumba aliyobatiziwa? Siku ile kanisa litakuwa duka, na wimbo utakuwa bidhaa. Korali ikitaka kuuza tikiti, iimbe katika sale ya parokia. Ikiimba kanisani, mlango ubaki wazi, na anayependa kusaidia atoe kwa moyo wake.

Ninyi waseminari, jifunzeni muziki kwa bidii, kwa maana kesho mtaulizwa. Nanyi makatekista, wafundisheni wakristu kusikiliza kwa kimya, kwa kuwa kusikiliza ni mlango wa sala. Hata kama parokia haina bomba moja, nyimbo tatu zilizotayarishwa vizuri na kuelezwa, mbele ya Noeli ao Pasaka, zinatosha kuamsha mioyo.