Mkono wa Mwenye Kiwanda Hufika Wapi?

Juba haina kiwanda cha vipuri vya baiskeli. Mnyororo, firiwili, spoki, gololi na mpira wa breki ambavyo fundi wa Konyokonyo humfungia mteja wake hutoka nje ya nchi, na vingi hutoka katika viwanda vya China na India. Sehemu kubwa ya bidhaa za namna hiyo hupakuliwa katika bandari ya Mombasa, huvuka Kenya na Uganda, huingia Nimule, kisha hufuata kilomita 192 za barabara ya lami iliyofunguliwa mwaka 2012 hadi kufika mjini. Kila anayeshika kipuri hicho njiani huongeza faida yake, naye mnunuzi wa mwisho hulipia faida zote hizo.

Katika safari hiyo kuna mtu mmoja asiyeonekana barabarani, naye ni mwenye kiwanda. Yeye ameshauza mali yake na ameshalipwa fedha zake. Hata hivyo, aghalabu hutaka kuendelea kuamua ni nani atakayeiuza tena, katika nchi gani na kwa bei gani. Siku hizi hutaka pia kuamua kama itauzwa katika maduka ya mtandaoni au la. Jambo hili linawahusu askari wa jeshi na polisi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa wao ndio wanaosimama kwenye vizuizi na mipakani, na wao ndio wanaoletewa mashtaka kwamba mali fulani si halali.

Hapana budi kwanza kueleza jinsi masharti hayo yanavyofanya kazi. Mwenye kiwanda huteua mawakala na kuwawekea mipaka. Wakala wa nchi moja hukatazwa kuuza katika nchi ya jirani. Duka lenye fundi na meza ya kazi hupewa mali, na duka lisilo na fundi hunyimwa. Wengine hukatazwa kuuza chini ya bei iliyotajwa, na wengine hukatazwa kuuza kwa njia ya intaneti. Katika miaka ya 2010, maduka makubwa ya mtandaoni ya Uingereza yalikuwa yakiwapelekea waendesha baiskeli wa Marekani vipuri kwa bei ya chini kuliko ya maduka ya kwao. Wenye viwanda waliingilia kati, na maduka hayo yakalazimika kuacha kuwauzia Wamarekani baadhi ya chapa. Kipuri hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ruhusa ya kukivusha bahari.

Wenye viwanda wana hoja zao, na haki inataka zisikilizwe. Breki na mnyororo ni vitu vya usalama. Mteja huenda kwa fundi, huelezwa kipimo kinachofaa, hujaribu, kisha hurudi nyumbani na kuagiza kitu hicho hicho mtandaoni kwa bei ya chini. Fundi ametoa maarifa bure, na mwisho wake ni kufunga duka. Tena, mali ikiuzwa na kila mtu, ya bandia hujipenyeza kwa urahisi. Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Na breki ya bandia huvunja zaidi ya upishi.

Hoja ya upande wa pili nayo ni nzito. Mipaka ya uuzaji humlinda fundi, lakini pia humlinda wakala mvivu anayejua kwamba mteja hana pengine pa kwenda. Wakala akiwa peke yake, bei hupanda, na mwenye kupanda nayo ni mkulima anayepeleka muhogo sokoni, mwalimu anayekwenda shuleni na askari wa cheo cha chini anayekwenda lindoni kwa baiskeli.

Mataifa mengine yameligombania suala hili mahakamani kwa miaka mingi, na mojawapo ya kesi mashuhuri ilihusu baiskeli zenyewe. Kampuni ya Schwinn ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1895, iliwagawia wasambazaji wake maeneo na kuwakataza wauzaji walioteuliwa wasiwauzie wenye maduka wasioteuliwa. Serikali ya Marekani iliishtaki. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ilisema kwamba kiwanda kikishauza mali na kukabidhi umiliki wake, hakina haki ya kumwekea mnunuzi mipaka ya mahali na watu wa kuwauzia. Lakini miaka kumi tu baadaye, mwaka 1977, mahakama hiyo hiyo iliacha msimamo huo katika kesi ya televisheni za Sylvania. Ilisema kwamba mipaka ya namna hiyo ipimwe kwa matokeo yake: je, inaua ushindani au inauchochea? Mwaka 2007, katika kesi ya Leegin iliyohusu bidhaa za ngozi, kipimo hicho kilipelekwa hadi kwenye bei ya chini inayowekwa na kiwanda, jambo lililokuwa limeharamishwa moja kwa moja tangu mwaka 1911.

Ulaya imeshika njia iliyo kali zaidi. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua katika kesi ya Pierre Fabre, kampuni ya vipodozi ya Ufaransa, kwamba kumkataza muuzaji aliyeteuliwa asiuze kabisa kwa intaneti ni kubana ushindani, isipokuwa pawepo sababu ya haki. Mwaka 2017, katika kesi ya Coty, mahakama hiyo ilikubali kwamba mwenye chapa ya anasa anaweza kumkataza muuzaji wake asiweke mali katika masoko ya mtandaoni ya watu wengine, maadamu anaachiwa kuuza katika ukurasa wake mwenyewe. Kanuni mpya za Umoja huo zilizoanza kutumika mwezi Juni 2022 zimeruhusu kiwanda kumtoza muuzaji bei ya jumla iliyo tofauti kwa mali ya dukani na kwa mali ya mtandaoni. Hata hivyo, zimeendelea kukataza kumfungia muuzaji mlango wa intaneti. Na katika suala la bei hakuna mzaha: mwezi Januari 2019 mamlaka ya ushindani ya Ujerumani ilitoza faini ya takriban euro milioni 13.4 kwa ushirika wa ununuzi wa baiskeli uitwao ZEG na wahusika wake, kwa kupatana na wauzaji 47 kwamba baadhi ya baiskeli zisiuzwe chini ya bei iliyopangwa.

Afrika Mashariki nayo haiko nyuma. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya mwaka 2010, na Uganda imetunga yake ya mwaka 2023. Sudan Kusini, iliyotia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Aprili 2016, hupokea mali nyingi kupitia nchi hizo. Mipaka inayowekwa na wakala wa Kampala au Nairobi huonekana katika bei ya Juba.

Ndugu wasikilizaji, mafunzo kwa vyombo vya ulinzi na usalama ni haya. Kuna mali za aina tatu, na ni kosa kubwa kuzichanganya. Ya kwanza ni mali bandia: imepachikwa chapa isiyo yake, inamdanganya mnunuzi na inaweza kumuua. Ya pili ni mali ya magendo: huenda imetengenezwa na kiwanda halali, lakini imekwepa forodha na kuipunja serikali. Hizi mbili ni kazi ya dola. Ya tatu ni mali halisi, iliyonunuliwa kwa haki na kulipiwa ushuru, ila imepita nje ya njia aliyoitaka mwenye kiwanda. Hii ya tatu peke yake haimfanyi mchuuzi kuwa mhalifu. Mapatano kati ya kiwanda na wakala huwafunga waliotia saini. Hayamfungi mchuuzi ambaye hakuyaona wala kuyatia saini.

Ni kweli kwamba katika baadhi ya nchi mwenye chapa anaweza kuzuia mali yake halisi isiingie kutoka nje. Mwaka 1998 mahakama ya Ulaya iliamua hivyo katika kesi ya miwani ya Silhouette ya Austria, iliyokuwa imeuzwa Bulgaria kabla nchi hiyo haijaingia katika Umoja wa Ulaya, kisha ikarudishwa Austria. Lakini mwenye chapa huyo alikwenda mahakamani. Hakumtuma askari akamwage sanduku la mchuuzi barabarani. Askari anayekamata mali kwa sababu tu wakala amelalamika amegeuka mlinzi wa faida ya mtu binafsi, na amevaa sare ya umma kwa kazi isiyo ya umma. Njia iliyo sawa ni kukagua hati ya forodha na risiti, kuangalia alama za kipuri, na mgogoro wa wafanyabiashara kuuachia mahakama.

Funzo la mwisho linahusu ununuzi. Baiskeli nyeusi ya kubebea mizigo, ya gurudumu la inchi 28, inathaminiwa kwa sababu vipimo vyake havina mwenyewe. Rimu yake ya milimita 635 hutengenezwa na viwanda vingi, na tairi ya kiwanda kimoja huingia katika rimu ya kingine. Baiskeli za kisasa zenye gia nyingi si hivyo. Mara nyingi kishikio cha gia cha kiwanda kimoja hakielewani na cha mwenzake, na mnunuzi hubaki mateka wa chapa moja. Kwa hiyo kikosi kinachonunua vyombo hakina budi kuuliza, kabla ya kulipa, ni wangapi wanaoweza kuuza kipuri chake. Kama jibu ni mtu mmoja, basi bei ya leo si bei ya kweli. Bei ya kweli itajulikana siku chombo kitakapoharibika.

Mwenye kiwanda ana haki ya kulinda jina lake, na fundi ana haki ya kulipwa kwa ujuzi wake. Mwananchi naye ana haki ya kununua mali halali pale inapopatikana kwa bei nafuu. Wajibu wa askari ni kujua mstari unaozigawa haki hizo, na kutokubali mwenye fedha au ujamaa auchore upya kizuizini.