Fahamu: Msitu wa Lomami una thamani gani?

Sokoni Kindu, mji wa mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyama ya pori iliyokaushwa kwa moshi ina bei. Huletwa kwa baiskeli kutoka vijijini, muuzaji na mnunuzi wakapatana papo hapo. Lakini lesula aliye hai, tumbili aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2012, hana bei popote. Wala haina bei Hifadhi ya Taifa ya Lomami anamoishi, iliyoundwa mwaka 2016 katika mikoa ya Maniema na Tshopo.

Thamani ya msitu hupimwaje basi?

Wachumi wana njia mbili. Ya kwanza hutazama watu wanachofanya: familia inayonunua bidoni la maji safi ilhali mto Lualaba unapita karibu imeshaonyesha thamani ya usafi huo. Ya pili huuliza: kaya yako ingekubali kulipa kiasi gani kila mwezi ili msitu ubaki?

Majibu yanaaminika?

Meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta Alaska mwaka 1989, na mjadala ukazuka kama majibu ya aina hii yatumike kukadiria hasara. Mwaka 1993 jopo lililoongozwa na wachumi Kenneth Arrow na Robert Solow lilisema majibu hayo yanaweza kuaminika, mradi maswali yaandaliwe kwa uangalifu na mtu akumbushwe uwezo wa mfuko wake.

Maniema izingatie nini?

Maskini hutaja kiasi kidogo kwa sababu hana, si kwa sababu hajali. Kwa hiyo aulizwe pia: ungetaka ulipwe kiasi gani ndipo ukubali kuupoteza msitu? Na mwindaji anayeambiwa aache bunduki aulizwe gharama yake kabla ya sheria kumfikia.